Mgebuka na Nyuki

Alhamisi, saa mbili na robo usiku,
nafunga mlango wa chumba changu cha Mwanga.
Ndoo ya maji, taulo, feni inayolia kama mbuzi.
Baiskeli imebanwa kwa boliti kwenye chuma
alichonichomelea Ntibona, fundi wa Katonga.
Gurudumu la nyuma linasugua rola,
simu imeegemea dumu la mawese,
na Kigoma yote haisogei hata inchi.

Kule ndani mimi ni Mgebuka.
Yeye ni Nyuki wa Cheyo.
Uso wake sijawahi kuuona, namjua mgongo:
jezi ya njano, kisogo cha katuni kisichotoka jasho,
kinachonipita kila wiki penye kona ya daraja.
Hapo ndipo ujumbe unaporuka kiooni:
"Dada, samaki hapandi mlima."

Tuko thelathini na kitu.
Yupo mtu wa Eldoreti asiyesema neno,
yupo babu wa Ufini anayetusalimu sote "mambo"
na kutuacha kama tumeegeshwa.
Tunapanda mlima wenye theluji,
mimi na kanga kiunoni,
jasho likidondoka sakafuni, tone, tone,
hadi paka akahama chumba.

Wiki ya kwanza Mama Nyabenda aligonga ukuta:
"Unasaga nini usiku wote huu, muhogo?"
Nikamjibu, "Nasaga Mnyamwezi."
Akacheka mpaka akakohoa.
Siku hizi hugonga kunihesabia.

Dau letu halina maandishi.
Nikishindwa, migebuka wakavu wanne ndani ya gazeti,
wapande treni, wapite Uvinza, wapite Kaliua, washuke Tabora.
Akishindwa yeye, asali ya miombo, lita moja.
Hadi juzi alikuwa amekula ishirini na wanne.
Mimi nimelamba kidole mara mbili.
Karani wa vifurushi pale stesheni aliniuliza
kama nina mchumba huko.
"Nina deni," nikamwambia.

Basi Alhamisi ile ya mvua
nilimshika kilomita ya kumi na saba,
nikang'ang'ania tairi lake kama kupe.
Mapaja yanawaka. Gia ya mwisho.
Mama Nyabenda ukutani: ngo, ngo, ngo.
Kona ya daraja ikaja, na Nyuki akasimama.
Hakupunguza mwendo, alisimama tu,
katikati ya barabara, mguu mmoja juu,
kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.
Watu wakapita ndani ya mwili wake.
Nami nikapita.

Nilimaliza wa kumi na tisa, mbele ya Nyuki.
Ushindi niliouota tangu kiangazi,
nikauketia pembeni mwa kitanda
kama kiti cha mtu mwingine.

Saa nne ujumbe ukaingia.
"Luku. Zilibaki uniti mbili.
Nilipiga hesabu zitafika kileleni."
Nikamwandikia kwamba hii haihesabiwi.
"Inahesabiwa," akasema. "Nyuki hakimbii deni."

Jumanne chupa ikafika, kizibo kimefungwa kwa nailoni.
Na kikaratasi. Mwandiko wake, mara ya kwanza,
herufi zimelala mbele
kama mtu anayekata upepo:
"Nimeijaza hadi shingoni tu.
Iliyobaki, ifuate Alhamisi. Luhende."

Nikamwomba namba ya mita.
Alidhani ni utani, akanitumia.
Nikanunua uniti thelathini kwa pesa ya viatu,
nikamrushia tarakimu zote ishirini
na mstari mmoja chini yake:
"Sitaki kukupita gizani."

Hakujibu.
Alhamisi alinipita palepale darajani,
jezi ya njano, kisogo kikavu,
kwa umeme nilioulipia mimi.

Leo alfajiri nimeshuka Kibirizi
kuchagua migebuka wanne.
Nimechagua wembamba.